Sehemu za Mmea na Kazi Zake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vitabu vya darasani huchora mmea mmoja mnyoofu: mizizi chini, shina katikati, majani pembeni, ua juu. Mtoto akitoka nje anakutana na mgomba, muhogo, kitunguu na mnazi, na hakuna hata mmoja unaofanana na mchoro wake. Maswali mengi ya hapa chini yanazaliwa kwenye pengo hilo. Nimeyajibu kwa mimea ya nyumbani kwetu, ile unayoweza kuipasua kwa kisu cha jikoni ukajionea mwenyewe.

Mmea una sehemu ngapi za msingi?

Sita: mzizi, shina, jani, ua, tunda na mbegu. Tatu za kwanza zinauwezesha mmea kuishi, tatu za mwisho zinauwezesha kuzaa. Si kila mmea una zote sita. Kangaga, kwa mfano, hana ua wala mbegu. Geuza jani lake uone vidoadoa vya kahawia mgongoni. Hivyo vina unga wa spora, na ndizo anazozalia.

Nitajuaje kama ninachokula ni mzizi, shina au jani?

Tafuta macho. Shina lina vifundo, na kwenye kila kifundo pana jani au kovu la jani, na kwapani mwa jani hilo pana jicho linaloweza kuchipua. Ukilishika hilo, mambo mengi ya sokoni yatajipanga yenyewe.

Chukua kiazi mviringo. Kina macho, na kila jicho lina mstari mdogo kama nyusi, ambao ni kovu la jani lisilokua. Basi kiazi mviringo ni shina lililovimba chini ya ardhi, ndiyo maana mkulima hupanda kiazi chenyewe. Tangawizi nayo ina vifundo na magamba: shina. Muhogo hauna macho hata ukiuzungusha vipi: mzizi. Kwa hiyo hakuna anayepanda muhogo wenyewe. Tunapanda vipande vya mti wake, kwa kuwa huko ndiko macho yaliko. Karoti ni mzizi vilevile.

Kiazi kitamu ndicho kisumbufu. Ni mzizi, na shambani tunapanda marando wala si kiazi, lakini ukikisahau kabatini kinachipua. Baadhi ya mizizi ina uwezo wa kuumba machipukizi mapya pasipokuwa na jicho. Tofauti yake na kiazi mviringo ni kwamba machipukizi hayo hayatokei kwenye vifundo vyenye makovu ya majani.

Kitunguu kipasue wima. Chini kabisa, pale vinapoanzia vimizizi, utaona kisahani kigumu cheupe. Hicho kisahani ndicho shina lote la kitunguu. Matabaka manene unayokaangia ni sehemu za chini za majani, zilizonenepa kwa kuhifadhi chakula.

Na karanga? Si inachimbwa chini?

Inachimbwa, lakini ni tunda. Ua la karanga huchanua juu ya ardhi, na likishachavushwa kikonyo chake hurefuka, huinama, hujichomeka udongoni na ganda kukulia humo. Njugu mawe pia hukomazia maganda yake chini. Kukaa ardhini hakukifanyi kitu kuwa mzizi.

Mgomba ni mti?

Hapana, na kile kinachoitwa shina la mgomba si shina. Ukate mgomba katikati uone matabaka yaliyokumbatiana kama kitunguu kirefu: yote ni sehemu za chini za majani, zilizobanana. Shina la kweli ni lile tunguu zito lililo chini ya ardhi. Wakati wa kuzaa ukifika, tunguu husukuma bua la ua kupita katikati ya majani yale hadi juu, nalo hujipinda na kutoa mkungu. Baada ya hapo mgomba ule umemaliza kazi. Unaukata, na machipukizi ya pembeni yanachukua nafasi yake.

Lile ua kubwa la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu lina maua dume. Chane za ndizi zikishatoka, ua hilo halisaidii tena. Wakulima wa Kagera na Uganda wanashauriwa kulivunja kwa kijiti chenye panda, bila kisu, kwa sababu wadudu wanaolitembelea hueneza mnyauko bakteria wa migomba, na kisu kilichokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwa mzima.

Mmea unakula udongo?

Hili huulizwa na watoto, na watu wazima wengi hulijibu vibaya. Katika karne ya 17, mwanasayansi wa Ulaya, Jan Baptist van Helmont, alipanda mche kwenye udongo mkavu alioupima, kiasi cha kilo 90, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ulikua hadi zaidi ya kilo 70, na udongo alipoukausha na kuupima tena ulikuwa umepungua gramu 60 hivi. Yeye alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Alipatia nusu. Nusu nyingine, ambayo hakuijua, ni hewa.

Jani huvuta hewa ya ukaa kupitia vitundu vidogo viitwavyo stomata, hupokea maji kutoka mizizini, na kwa nguvu ya mwanga wa jua hutengeneza sukari na kuachia oksijeni. Kazi hiyo ndiyo usanisinuru, na kinachonasa mwanga ni umbijani, ile rangi ya kijani ambayo wengi huiita klorofili. Kwa hiyo mbao za kitanda chako, kwa sehemu kubwa, zilikuwa hewa. Mbolea si chakula cha mmea. Ni madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo, mfano wa chumvi kwenye mboga.

Basi mizizi ina kazi gani?

Kushikilia mmea, kunyonya maji na madini, na mara nyingi kuweka akiba. Unyonyaji wenyewe haufanywi na mizizi minene unayoiona bali na vinyweleo vyembamba karibu na ncha. Ndiyo sababu mche uliong'olewa ukakung'utwa udongo wote hunyauka hata ukiupanda saa ileile: vinyweleo vimebaki kwenye shimo la kwanza. Hamisha mche na bonge lake.

Mizizi ya maharage na kunde ina vinundu vidogo. Si ugonjwa. Humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe ya kutumika na mmea. Wao hulipwa sukari. Pasua kinundu: kikiwa na wekundu ndani, kinafanya kazi.

Nina ua kwenye kopo, nalimwagilia kila siku, mbona linakufa?

Kwa sababu unalimwagilia kila siku. Mizizi inapumua, na hewa inayoihitaji imo katikati ya chembe za udongo. Udongo ukijaa maji muda wote, hewa haina pa kukaa, mizizi inaoza, na majani yananyauka kama yenye kiu. Mwenye kopo akiona yamenyauka anaongeza maji! Toboa kopo chini, na ingiza kidole udongoni kabla ya kushika kata.

Mikoko imelitatua tatizo hili kwa namna yake. Matope ya pwani hayana hewa, basi mchu huchomoza juu ya tope mizizi iliyosimama kama penseli, ikapumua maji yanapokupwa. Mkoko wenye magoti hutumia mizizi ile iliyojipinda kama matao.

Nikipigilia msumari kwenye mwembe, mti ukikua msumari utapanda juu?

Utabaki palepale. Mti hurefuka kwenye ncha za matawi na za mizizi tu. Sehemu iliyokwisha kukomaa hunenepa lakini hairefuki, kwa hiyo msumari utamezwa na gome baada ya miaka, kwa kimo kilekile ulichoupigilia.

Kwa nini mti uliochunwa gome kuuzunguka hufa, ilhali wenye pango ndani unaishi?

Ndani ya shina mna njia mbili. Moja, iliyo kwenye mbao, hupandisha maji kutoka mizizini. Nyingine, iliyo upande wa ndani wa gome, huteremsha sukari kutoka majani. Katikati yake pana tabaka jembamba la seli hai, kambiamu, ambalo ndilo linaloufanya mti unenepe. Ukichuna gome pande zote umekata njia ya sukari. Majani yataendelea kuwa ya kijani kwa muda, watu watasema mti umepona, kumbe mizizi inakufa njaa polepole. Kiini cha ndani ya shina ni mbao zilizokwisha kufa. Mti huzihitaji kwa uimara tu, na mingine husimama miaka mingi na tumbo tupu.

Mbuyu hauhesabiki kwenye kanuni hii. Watu huuchuna gome kwa ajili ya kamba, na unaliotesha upya. Sitakushauri ujaribu kwa mwarobaini.

Kubebesha maembe, yaani kuunga kijitawi cha mwembe mmoja kwenye mche wa mwingine, kunategemea tabaka hilohilo. Kambiamu ya kijitawi na ya mche zisipogusana, haviungi.

Mbona mwembe ukikatwa unachipua, lakini mnazi ukikatwa kichwa umekwisha?

Mwembe una macho kwenye kila tawi. Mnazi una kitovu kimoja tu cha kukulia, juu kabisa, ndani ya kile tunachokiita shaha. Makuti yote na maua yote hutoka hapo. Mende wenye pembe wakitoboa hapo, au mtu akila shaha, mnazi hauna pa kuanzia upya.

Mnazi pia hauna kambiamu, kwa hiyo haunenepi mwaka hadi mwaka kama mwembe na haufuniki kidonda. Vidato alivyochonga mgema wa zamani utavikuta vilevile miaka thelathini baadaye, vikiwa wazi, wala mti haukujali, kwa kuwa njia zake za maji na sukari zimetawanyika shina zima badala ya kukaa kwenye tabaka moja chini ya gome. Mgema anapokata ncha ya ua kwa kotama, anachokinga kwenye kibuyu ni ule utomvu wa sukari uliokuwa safarini kulisha ua. Ndiyo maana ua linalogemwa halizai nazi. Ni tembo au nazi, uchague.

Ukuti mmoja wa mnazi ni jani moja?

Kuti zima ndilo jani moja. Zile nyuzi ndefu za pembeni ni vijani vyake, na mshipa wa kati wa kila kijani ndio njiti ya ufagio wa chelewa. Jaribu kanuni ya kwapa: jicho lipo pale kuti linapoungana na mnazi, halipo kwenye kila kijani. Mlonge ni hivyohivyo. Unachokiona kama tawi lenye majani madogo mengi ni jani moja lililogawanyika.

Kwa nini mahindi hujikunja majani saa sita mchana?

Stomata zikifunguka kuingiza hewa, maji nayo hutoka kama mvuke. Mvuke huo ndio unaovuta maji mapya kutoka mizizini, kwa hiyo haupotei bure. Maji yanayotoka yakizidi yanayoingia, mahindi hujikunja ili kupunguza eneo linalopigwa na jua. Yakijikunjua jioni, hali si mbaya. Yakiwa bado yamejikunja asubuhi, shamba lina kiu ya kweli.

Mnyaa umekwenda mbali zaidi: majani yake ni madogo mno na hupukutika mapema, na kazi ya usanisinuru imehamia kwenye vijiti vyake vya kijani. Ukikata uzio wa mnyaa, linda macho yako. Utomvu wake mweupe unaunguza vibaya.

Ni hatari kulala chumba kimoja na mmea?

Hapana. Usiku mmea huvuta oksijeni kidogo sana. Mtu unayelala naye anatumia nyingi zaidi, na hakuna anayemtoa nje.

Ua lina sehemu gani, na kila moja inafanya nini?

Nje kabisa kuna sepali, zinazolinda tumba kabla halijachanua. Kisha petali za rangi, ambazo ni bango la kuita nyuki na vipepeo. Ndani kuna stameni, sehemu ya kiume inayobeba chavua, na pistili, sehemu ya kike, ambayo chini yake kuna ovari yenye mayai. Chavua ikifika juu ya pistili, huotesha mrija hadi kwenye yai. Yai hugeuka mbegu, ovari hugeuka tunda, petali huanguka.

Bango hutegemea mgeni. Ua la mbuyu ni jeupe, kubwa, hufunguka jua likizama, kwa sababu wageni wake ni popo. Ua dume la mahindi halina rangi ya kuvutia kwa kuwa mgeni wake ni upepo.

Hindi langu lina mapengo. Ni mbegu mbaya?

Mara nyingi si mbegu. Mbelewele, ile iliyo juu ya bua, ndiyo maua dume. Hindi lenyewe ni maua jike, na kila unywele unaotoka kwenye ncha yake unaelekea kwenye punje moja. Unywele uliopata chavua unajaza punje. Usiopata unaacha pengo. Ukame wakati wa kuchanua huchelewesha nywele, zikatokea chavua ikiwa imekwisha kumwagika. Mstari mmoja mrefu wa mahindi kando ya uzio nao huzaa mapengo, kwani upepo unapeperusha chavua nje ya shamba. Panda mistari kadhaa mifupi iliyokaribiana badala ya mmoja mrefu.

Mpapai wangu unatoa maua tu, hauzai. Niufanyeje?

Angalia maua. Yakining'inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawi, madogo na mengi, huo ni mpapai dume. Jike hutoa maua makubwa yaliyokaa karibu na shina, moja au machache. Kuna na wa tatu, wenye ua lililo na pande zote mbili, ambao hujichavusha wenyewe na mara nyingi huzaa mapapai marefu. Kabla ya kuchanua huwezi kuitofautisha kwa macho, na hadithi za kutazama umbo la mzizi wa mche zisikusumbue. Panda miche mitatu kwenye shimo moja, subiri maua, kisha ng'oa usiyoihitaji. Ukiwa na mipapai ya kike, acha dume mmoja mmoja shambani.

Viungo vya pilau vinatoka sehemu gani ya mmea?

Hili nalipenda, kwa sababu mfuko mmoja wa viungo unamaliza somo zima. Karafuu ni tumba la ua. Huko Unguja na Pemba huchumwa kabla halijachanua, na likishachanua thamani imeondoka. Vijiti vyake, makonyo, hutolewa mafuta. Mdalasini ni gome. Tangawizi ni shina. Pilipili manga ni tunda zima, lililochumwa bichi na kukaushwa. Iliki ni tunda lenye mbegu ndani. Kungumanga ni mbegu, na basibasi ni ule wavu mwekundu unaoikumbatia mbegu hiyo.

Nyanya ni tunda au mboga?

Kwa mtaalamu wa mimea ni tunda, kwa kuwa imetokana na ovari na ina mbegu. Bamia, bilinganya na tango vilevile. Kwa mpishi ni mboga. Hawagombani, kila mmoja anazungumzia kazi yake.

Kwa nini korosho iko nje ya tunda lake?

Haiko nje. Korosho na ganda lake ndiyo tunda lenyewe. Bibo, lile jekundu au la manjano lenye maji matamu, ni kikonyo cha ua kilichovimba. Anayekula bibo anakula kikonyo. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, hivyo usilipasue kwa meno.

Mkuyu hauna maua?

Unayo, yamejificha. Pasua kuyu bichi uone mamia ya maua madogo yamepangana ukutani kwa ndani. Nyigu wadogo mno huingia kwa tundu lililo kichwani mwa kuyu, na ndio wanaoyachavusha.

Mbegu ina nini ndani?

Mtoto wa mmea, akiba yake ya chakula, na ganda. Harage lina vipande viwili vya akiba. Hindi lina kimoja, na wanga wake mwingi uko nje ya kile kipande. Nazi ni mbegu yenye akiba ya kupindukia. Kidaka kikiwa kitale kisha dafu, akiba bado ni maji kwa sehemu kubwa. Likielekea kuwa koroma, nyama hunenepa ukutani mwa kifuu, hadi inakuwa nazi. Yale matundu matatu ya kifuu si urembo: moja ni laini, na chini yake ndipo alipo mtoto wa mmea, na chipukizi litatokea hapo. Usumba wa nje huifanya nazi ielee, ndipo ikaweza kusafiri baharini hadi fukwe nyingine.

Mmea lazima uwe na mbegu ndipo uzaliane?

Hapana. Ndizi tunazokula hazina mbegu za kuota, tunapanda machipukizi. Mkonge hutoa kwenye mlingoti wake vimea vidogo vilivyo tayari kupandwa, kisha unakufa. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza vimea hivyo 1,000 kutoka Florida kuja nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. 62 tu ndivyo vilivyofika hai, na zao la mkonge la nchi lilianza navyo.

Vanila ni kisa kingine. Nje ya kwao Amerika haikuwa ikizaa, kwa kukosa wachavushaji wake. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, mtumwa wa umri wa miaka 12, Edmond Albius, aligundua namna ya kuinua kwa kijiti ule utando unaotenga sehemu dume na jike, kisha kuzigusanisha kwa kidole gumba. Wakulima wa vanila wa Komoro, Uganda na Kagera hufanya hivyo hadi leo, ua kwa ua, asubuhi, kwa kuwa ua hudumu siku moja.

Nifanye jaribio gani na mtoto nyumbani?

Bandika maharage matatu kati ya karatasi yenye unyevu na ukuta wa glasi. Baada ya siku chache mzizi utatoka, nao utaelekea chini hata kama harage limelala kichwa chini. Ukishafika urefu wa kidole cha mtoto, laza glasi ubavu, uiache usiku kucha. Asubuhi mzizi utakuwa umekunja kona.